Hedifoni Moja kwa PS na Kompyuta kwa Wakati Mmoja

Unacheza mpira kwenye PS, wenzako wako Discord kwenye kompyuta, na hedifoni unayo moja. Ukiichomeka kwenye padi unasikia mashabiki na kipenga cha refa, lakini marafiki huwasikii. Ukiihamishia kwenye kompyuta unawasikia wakikucheka kwa bao ulilofungwa, huku uwanja wenyewe ukiwa bubu. Hapo ndipo wengi hufunga safari ya Kariakoo au Luthuli Avenue kutafuta kiwaya cha kuunganisha mashine mbili kwenye hedifoni moja, na muuzaji, kwa kuwa kazi yake ni kuuza, hukitoa bila kuuliza maswali.

Usikinunue. Hedifoni haihitaji kuchomekwa kwenye mashine mbili. Inahitaji kuchomekwa kwenye moja, kisha sauti ya ile ya pili iletwe humo na kuchanganywa kabla haijafika masikioni. Karibu kila njia inayofanya kazi, ya bei poa au ya bei mbaya, ni namna ya kutimiza hilo tu. Ukishalielewa utaweza kujipangia mwenyewe hata kwa vifaa ambavyo havikutajwa hapa.

Mashine ya kupokea iwe kompyuta. PS4, PS5 na Xbox hazina tundu la kuingizia sauti ya mashine nyingine. Zenyewe hutoa tu. Kompyuta hutoa na kupokea, ina vidhibiti vya kupandisha sauti hii na kushusha ile, na maiki yako inatakiwa huko huko kwa sababu ndiko marafiki waliko.

Sasa kile kiwaya, ili usidhani nakikataa kwa chuki. Kina umbo la herufi Y na kazi yake halali ni kugawa: simu moja, watu wawili wanasikiliza. Ukikigeuza, mashine mbili zinatoa sauti kwenye nyaya zilezile, na kila moja inajikuta inaisukuma nyenzake badala ya kuisukuma hedifoni. Sauti hutoka hafifu na yenye mikwaruzo, na amplifaya ndogo iliyo ndani ya padi haikuundwa kwa kazi hiyo. Kuna mafundi wanaoweka rezista kila upande ili mashine zisisukumane. Kielektroniki wako sahihi, ila hedifoni nyingi za gemu zina ukinzani wa omu 32 au zaidi ya hapo kidogo, na rezista ya omu 1,000 mbele yake hula karibu sauti yote. Utahitaji amplifaya ya kuirudisha, na hapo umeshaanza kujenga miksa. Bora ununue miksa.

Angalia pini kabla ya kununua chochote

Shika pini ya hedifoni yako ya milimita 3.5 uhesabu pete nyeusi. Pete tatu maana yake ni sehemu nne za chuma: kushoto, kulia, waya wa pamoja na maiki. Pete mbili maana yake ni sehemu tatu: kushoto, kulia na waya wa pamoja, maiki haimo. Hedifoni za gemu zinazouzwa kwa ajili ya padi za PS na Xbox karibu zote zina pete tatu.

Geuza kompyuta yako. Ikiwa ni ya mezani, nyuma utaona matundu yenye rangi. La kijani hutoa sauti ya spika au hedifoni. La pinki hupokea maiki. La bluu hupokea sauti kutoka kifaa kingine, na hilo ndilo tunalolitafuta. Laptopu nyingi zina tundu moja tu linalobeba sauti na maiki pamoja. Wenye laptopu nitawafikia.

Hedifoni ya pete tatu ukitaka kuichomeka kwenye kijani na pinki inahitaji kigawanyi: upande mmoja tundu, upande wa pili pini mbili, moja yenye alama ya hedifoni na nyingine yenye alama ya maiki. Kuwa makini dukani, maana kigawanyi hiki kinafanana sana na kile cha watu wawili kusikiliza simu moja, na mara nyingi hukaa kwenye boksi moja. Alama za maiki na hedifoni ndizo zinazokitambulisha. Kisicho na alama kiache.

Njia ya tundu la bluu

Hii ndiyo ninayompendekezea mtu yeyote mwenye kompyuta ya mezani. Inahitaji kebo moja yenye pini ya milimita 3.5 kila upande, pini za pete mbili, na inapatikana kila mahali panapouzwa chaja za simu.

Kwanza amua sauti ya konsoli utaichukua wapi. Mahali pazuri ni kwenye TV au skrini yenyewe. HDMI hubeba picha na sauti pamoja, na skrini nyingi za kompyuta na baadhi ya TV zina tundu la hedifoni ubavuni au nyuma. Sauti ya PS inayoingia kwa HDMI hutokea hapo. Chomeka upande mmoja wa kebo kwenye tundu hilo na upande wa pili kwenye bluu ya kompyuta. TV nyingi zikichomekwa hivyo hunyamazisha spika zake, jambo ambalo wa chumba cha pili watalishukuru usiku. Wekea TV hali ya gemu kama inayo, kwa sababu TV zinapochakata picha na sauti huchelewesha vyote viwili.

Kama TV yako haina tundu hilo, angalia kama ina tundu la mwanga, lile dogo la mraba lenye kijifuniko na taa nyekundu ndani. Utanunua kiboksi cha kubadilisha mwanga kuwa sauti ya kawaida, nacho kitoe waya kwenda bluu. Sharti moja: nenda kwenye mipangilio ya sauti ya TV, upande wa sauti ya kidijitali, uchague PCM. Ukiacha Dolby, viboksi vya bei nafuu hukaa kimya au hutoa ngurumo, na watu huvirudisha dukani vikiwa vizima. PS4 ya mwanzo ya 2013 na PS4 Pro zina tundu hili la mwanga zenyewe. PS4 Slim haina, PS5 haina, na Xbox Series X na Series S hazina.

Chaguo la mwisho ni padi. Inafanya kazi, lakini sauti ya padi husafiri hewani kutoka kwenye konsoli, hula betri, na padi ikizimika sauti nayo inakwenda. Tena waya unaotoka kwenye padi kwenda nyuma ya kompyuta utaukanyaga tu siku moja. Ukilazimika kuutumia, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya PS, kwenye kipengele cha sauti zinazokwenda kwenye hedifoni, uchague All Audio. Ukiliacha chaguo la mazungumzo peke yake utapata sauti za watu bila gemu, uanze kulaumu kebo.

Sasa upande wa Windows. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, kisha Enter. Litafunguka dirisha la zamani la sauti, ambalo bado lina mambo ambayo dirisha jipya limeyaficha. Kabla ya kitu kingine, kwenye ukurasa wa Playback chagua hedifoni yako, ingia Properties, kisha Levels. Ukiona kidhibiti cha Line In kimezimwa kwa alama nyekundu, kiwashe. Katika kadi za sauti zenye uwezo huo, sauti ya PS hupita ndani ya kadi moja kwa moja hadi kwenye hedifoni bila kuchakatwa na Windows, na hutahisi kuchelewa kokote.

Si kadi zote zina kidhibiti hicho. Usipokiona, nenda ukurasa wa Recording, fungua Line In, kisha ukurasa wa Listen. Weka tiki kwenye Listen to this device, na chini yake chagua hedifoni yako kwa jina, usiache chaguo la kawaida la mfumo. Utaisikia PS mara moja. Njia hii huchelewesha sauti kidogo. Kwenye mpira, mbio za magari na gemu za hadithi hutajali. Kwenye gemu za risasi ambako hatua za adui nyuma ya ukuta ndizo zinazokuokoa, utahisi, na utataka miksa.

Wenye Linux hawahitaji dirisha lolote: amri ya pactl load-module module-loopback hufanya kazi hiyo hiyo, na mchelewo unaweza kuupunguza kwa kuongeza latency_msec na namba unayoitaka.

Kuna mitego miwili hapa inayowapata karibu wote. Wa kwanza ni Discord. Windows ikiona kifaa kipya kimechomekwa kwenye bluu inaweza kukifanya kuwa maiki ya kawaida ya mfumo, na Discord ikafuata. Wenzako wataanza kulalamika kwamba wanasikia mashabiki wa uwanja mzima na wewe hawakusikii. Ingia mipangilio ya sauti ya Discord, chagua maiki ya hedifoni kwa jina lake, uifunge hapo. Mtego wa pili uko kwenye dirisha lile lile la sauti, ukurasa wa Communications. Windows ikihisi kuna simu inaendelea imepangiwa kupunguza sauti nyingine kwa asilimia 80. Unacheza vizuri, rafiki anaingia kwenye mazungumzo, gemu linanyauka ghafla. Chagua Do nothing na tatizo litaisha.

Kiasi cha sauti kipange hivi: TV iwe katikati, Line In iwe katikati, halafu sauti kubwa na ndogo uirekebishe kwa hedifoni. TV ikiwa juu kabisa sauti huingia kwenye kompyuta ikiwa imeshapasuka, na hakuna kidhibiti cha Windows kinachoweza kuirudishia uzima.

Laptopu isiyo na tundu la bluu

Tundu la laptopu linalobeba kila kitu hupokea maiki tu, na maiki hiyo ni ya upande mmoja, si kushoto na kulia. Vilevile vile viadapta vidogo vya USB vyenye matundu mawili: moja la hedifoni, moja la maiki, na la maiki ni la upande mmoja. Ukiingiza PS humo utasikia, lakini uwanja wote utakuwa umekusanywa katikati ya kichwa chako, huwezi kujua winga anapanda kulia au kushoto. Pia tundu la maiki linasubiri sauti ndogo mno, hivyo TV itabidi iwe chini sana na ile nyongeza ya nguvu ya maiki, Microphone Boost, iwe sifuri. Kwa dharura inafaa. Kwa matumizi ya kila siku, hapana.

Kinachotakiwa ni kadi ya sauti ya USB yenye njia ya kuingiza sauti ya pande mbili. Behringer UCA202 ni mfano wa siku nyingi: ina matundu mekundu na meupe ya kuingiza na kutoa, na kompyuta huitambua bila kuwekewa programu. Utahitaji kebo yenye pini ya 3.5 upande mmoja na pini mbili, nyekundu na nyeupe, upande wa pili. Hedifoni inabaki kwenye laptopu, PS inaingia kwa USB, na kilichobaki ni kile kile cha ukurasa wa Listen.

Mvumo

Ukimaliza kuunganisha, kuna uwezekano mkubwa wa kusikia kitu ambacho hukukiomba: mvumo mzito wa chini, au mlio mwembamba unaobadilika kila unaposogeza kipanya. Watu hudhani hedifoni imekufa. Haijafa. Mashine mbili zinazopata umeme kwa njia tofauti zimeunganishwa sasa kwa waya wa sauti, na tofauti ndogo ya umeme kati yao inapita kwenye waya huo. Mizunguko 50 kwa sekunde ya umeme wetu ndiyo hiyo unayoisikia ikivuma.

Kwenye nyumba zetu tatizo hili lina malezi mazuri. Soketi za pini tatu zipo, lakini waya wa ardhi nyuma yake wakati mwingine haujaunganishwa popote, TV ina king'amuzi kilichounganishwa na dishi juu ya paa, na laptopu iko kwenye soketi ya chumba kingine kupitia ekstensheni. Kila kimoja kina ardhi yake.

Anza na jaribio lisilo na gharama. Kama ni laptopu, chomoa chaja. Mvumo ukikoma, umempata mhusika. Kisha chomoa kebo ya dishi nyuma ya king'amuzi usikilize tena. Baada ya hapo chomeka TV, PS na kompyuta kwenye ekstensheni moja, ukutani pamoja. Mara nyingi mvumo hupungua hapo hapo, wakati mwingine huisha.

Usipoisha, nunua kitenganishi cha ardhi, kile kidude kidogo ambacho mafundi redio za magari hukifahamu sana. Ndani yake mna transfoma mbili ndogo, moja kwa kila upande wa sauti. Sauti inavuka kwa sumaku na waya haugusani na waya. Kinakaa katikati ya kebo na hakitumii umeme. Vya bei ya chini kabisa hupunguza besi kidogo, jambo ambalo wengi hawataligundua. Njia safi zaidi ni ile ya tundu la mwanga, kwa sababu mwanga haubebi umeme kabisa, mradi kiboksi cha kubadilisha ukilishe kwa USB ya kompyuta yenyewe.

Kuna jambo moja usilifanye, hata fundi akikuambia ni la kawaida: kukata pini ya ardhi au kutumia adapta ya kuiruka ili mvumo uishe. Utaisha kweli. Pini hiyo ipo ili siku mashine ikivujisha umeme kwenye mwili wake wa chuma, fyuzi ikatike badala ya wewe kupigwa ukiwa umevaa waya kichwani.

Miksa

Anayecheza kwa kushindana, au asiyetaka kabisa kugusa mipangilio ya Windows, anunue miksa ndogo ya mezani, ile yenye chaneli chache inayouzwa kwa watu wa podikasti. PS inaingia chaneli moja, kijani ya kompyuta inaingia chaneli ya pili, hedifoni inatoka kwenye tundu la hedifoni la miksa. Hakuna kuchelewa, na kila sauti ina kitufe chake cha kuzungusha. Wenzako wakizidi kelele unazungusha kidole tu, gemu linaendelea.

Mambo matatu ya kuzingatia. Tundu la hedifoni la miksa kwa kawaida ni la milimita 6.3, kwa hiyo nunua adapta. Hakikisha chaneli unazotumia ni za pande mbili, maana miksa ya chaneli nne inaweza kuwa na moja tu ya aina hiyo. Na maiki ya hedifoni usiipitishe kwenye miksa: tundu la maiki la miksa limeundwa kwa maiki za jukwaani na umeme wake wa volti 48, wakati maiki ya hedifoni ya gemu inaishi kwa volti chache zinazotoka kwenye tundu la pinki. Tumia kile kigawanyi: pini ya sauti kwenye miksa, pini ya maiki moja kwa moja kwenye kompyuta.

Hedifoni zisizo na waya

Hapa ndipo matangazo yanapowachanganya watu zaidi. Kwanza, PS4, PS5 na Xbox hazipokei hedifoni ya Bluetooth ya kawaida. Nintendo Switch ilianza kuzipokea kwa sasisho la Septemba 2021, lakini bila maiki. Pili, hedifoni inayosema inaunganishwa na vifaa viwili vya Bluetooth kwa pamoja kwa kawaida inashika vyote viwili lakini inapiga kimoja. Simu ikilia, muziki wa kompyuta unakatwa. Hiyo si kuchanganya. Tatu, Bluetooth ya kawaida ikiwasha maiki hushusha ubora wa sauti yote hadi kiwango cha simu, na hata bila maiki huchelewa kiasi cha kuona mpira umepigwa kabla ya kuusikia.

Zipo hedifoni zinazochanganya kweli. Hizi zina redio mbili ndani yake: moja, kwa kawaida ya gigahezi 2.4, inayozungumza na kipokezi chake cha USB, nyingine ya Bluetooth, na zote mbili hupiga kwa wakati mmoja. SteelSeries Arctis Nova 7, Sony INZONE H9 na Sony Pulse Elite ni za kundi hili. Kipokezi cha USB kiweke kwenye konsoli, kwa sababu redio hiyo haicheleweshi sana, na Bluetooth iende kwenye kompyuta au simu yenye Discord. Kabla ya kutoa hela uliza maiki itasikika upande upi wakati zote mbili zinafanya kazi. Wenye Xbox waulize zaidi ya hapo, maana Xbox haikubali kifaa cha sauti cha USB kisicho na idhini yake. Toleo la PS la hedifoni ile ile huweza kukaa kimya kabisa kwenye Xbox.

Angalia pia hedifoni za bei kubwa zenye kituo cha mezani na matundu mawili ya USB, kama Arctis Nova Pro Wireless. Matundu mawili hayo ni ya kuhama kutoka mashine moja kwenda nyingine kwa kubonyeza kitufe, si ya kuzichanganya.

Na kama tayari unayo hedifoni isiyo na waya ya kawaida yenye kipokezi kimoja cha USB, usiiuze. Chomeka kipokezi kwenye kompyuta, lete PS kwa tundu la bluu, weka Listen. Umemaliza.

Unayerekodi gemu, na usiyehitaji waya

Kama unarusha gemu zako moja kwa moja au unazirekodi kwa kadi ya kunasa HDMI, sauti ya PS tayari iko ndani ya kompyuta na huhitaji kebo nyingine. Kwenye OBS, programu ya kurekodia, bonyeza kulia kwenye kifaa cha sauti cha kadi hiyo, ingia mipangilio ya juu ya sauti, uchague Monitor and Output. Kwenye PS kumbuka kuzima HDCP, ile kinga ya kuzuia kunakili, katika mipangilio ya mfumo, la sivyo utapata skrini nyeusi. Na tazama gemu kwenye TV, usitazame kwenye dirisha la OBS, kwa sababu picha ya humo huwa nyuma.

PS Remote Play nayo huleta gemu zima kwenye kompyuta, picha na sauti, bila waya. Sony wanataka angalau megabiti 5 kwa sekunde na wanapendekeza 15. Kwa gemu za taratibu ni suluhisho zuri. Kwa mpira wa mtandaoni utafungwa mabao ya kijinga.

Kabla ya yote hayo, jiulize kama kompyuta unaihitaji kwa ajili ya Discord peke yake. Xbox ilipata mazungumzo ya Discord 2022 na PS5 ikapata 2023. Unaunganisha akaunti mara moja, unahamisha mazungumzo kutoka simuni kwenda konsoli, na hedifoni inabaki kwenye padi. Wenye PS4 hawakupewa hilo, na hao ndio wengi katika mitaa yetu, kwa hiyo makala haijaandikwa bure.

Maiki kwa pande mbili, nimeulizwa sana. Kuongea na wenzako Discord na wakati huo huo na wageni mnaocheza nao ndani ya gemu kwa maiki moja ya hedifoni kunahitaji kugawa mawimbi ya maiki na kuyapima upya kwa kila mashine. Gharama yake haistahili. Mwenye PS5 ana bahati: padi yake ina maiki ndani, na kitufe cha kuizima kiko katikati. Akichukua sauti kutoka kwenye TV, maiki ya hedifoni inabaki ya Discord na ya padi inakuwa ya gemu. Padi ya PS4 haina maiki, basi chagua upande mmoja.

Neno kuhusu masikio. Sauti mbili zikikutana mtu huipandisha moja ili ishinde nyingine, halafu nyingine ili iishinde ya kwanza. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na desibeli 75 kwa watoto. Badala ya kupandisha gemu, shusha marafiki.

Ukienda dukani, nenda na hedifoni yako na simu. Kebo ya pini mbili ijaribu hapo hapo: upande mmoja kwenye simu, au kwenye adapta yake kama simu yako haina tundu la hedifoni, na upande wa pili kwenye spika ya muuzaji, piga wimbo, na ukiwa unasikiliza tikisa pini zote mbili taratibu. Sauti ikikatika, au upande mmoja ukinyamaza, omba nyingine kabla hujalipa.